Oili na sili za mashine ya miwa

Mashine ya kukamua miwa inapoletwa gereji ikivuja, mteja kwa kawaida ameshaamua dawa yake: sili imekufa, ibadilishwe. Fundi ninayemsifu hapa, mwenye meza yake Gerezani, Dar es Salaam, huanza na oili. Hufungua nati ya chini ya giaboksi, hukinga oili kidogo na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa na weupe wa maziwa, maji ya kuoshea mashine yamepenya. Ikimetameta rangi ya dhahabu, ni unga wa shaba. Kwa gia mpya unga kidogo haumsumbui, kwani meno bado yanazoeana. Kwa mashine ya zamani hunyamaza na kuchukua tochi.

"Fundi, si uweke tu namba 90, ile ya difu?"

"Hapana, kaka. Humu kuna shaba."

Jibu hilo fupi limebeba mengi. Giaboksi nyingi za mashine hizi zina shafti ya chuma iliyochongwa nyuzi nene, inayozungusha gurudumu la meno la shaba. Nyuzi hizo huburuzika juu ya meno muda wote, joto hupanda, na oili nyepesi hufagiliwa ikaacha metali zigusane. Oili ya difu hutiwa dawa zenye salfa za kulinda chuma dhidi ya chuma, na nyingine kati ya hizo, joto likizidi, huishambulia shaba. Kwa hiyo yeye hutafuta kopo lililoandikwa VG 460, yaani uzito uliopimwa kwenye nyuzi joto 40, lisilo na salfa kali. Zipo pia oili za sintetiki za poliglikoli, ambazo gia za aina hii huzipenda sana, lakini hazipatani na oili ya kawaida. Anayetaka kuhamia huko lazima asafishe giaboksi yote kwanza.

Oili ikishajulikana ndipo sili huchaguliwa. Kwa oili ya kawaida, raba ya naitrili inatosha hadi karibu nyuzi joto 100. Raba ya EPDM, inayosifika kwa kustahimili maji na mvuke, huvimba na kulegea ikikutana na oili hiyo, ingawa kwa macho zote mbili ni pete nyeusi tu. Vipimo vimeandikwa mgongoni, mathalani 30-47-7: shafti, tundu na unene, kwa milimita. Yeye huchukua yenye midomo miwili, mmoja wa kuzuia oili na mwingine wa kuzuia vumbi na sukari.

Hapa ndipo napenda kusimama nimtazame. Hupitisha ukucha juu ya shafti, polepole, akitafuta mfereji uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani. Akiupata, huisukuma sili mpya milimita moja au mbili pembeni, ili mdomo ukae kwenye chuma kisicho na jeraha. Msasa laini huuzungusha kufuata mzunguko wa shafti, maana mikwaruzo ya kupinda kama parafujo huisukuma oili nje yenyewe. Mfereji wa ufunguo huufunika kwa nailoni nyembamba usije ukaukata mdomo, ambao ameshaupaka oili. Upande wenye springi hutazama ndani.

Kisha huzibua tundu la kupumulia. Likizibwa na vumbi na sukari, hewa iliyopata joto hutanuka ndani na kuisukuma oili kupita kwenye sili nzima kabisa. Naamini sili nyingi zimetupwa bila kosa kwa sababu ya tundu hilo.

Zinabaki gia za wazi zinazozungusha roli pamoja, palipo karibu na juisi yenye ndimu na tangawizi. Wengi hupaka grisi ya magurudumu ya gari. Yeye hutumia yenye alama ya H1, iliyokubaliwa pale ambapo kiasi kidogo sana kinaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Ni ghali zaidi, na wateja hubishana. Huwaonyesha umbali kati ya gia hizo na trei ya juisi, hauzidi shubiri chache, kisha huendelea kupaka.