Jinsi Jill Tarter Alivyoipembua Ishara

Mtu aliyesimama Sigino, Babati, nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, huchukuliwa na mzunguko wa Dunia kwenda mashariki mita 464 kila sekunde. Nyota inayochomoza huisogelea. Inayozama huiacha nyuma. Kwa hiyo mawimbi ya redio ya nyota hiyo, kwenye megahezi 1,420, yatapokewa masafa yake yamezidi kwa hezi 2,200 hivi inapochomoza, na kupungua kwa kiasi hichohicho inapozama. Kuhama huko kwa masafa kulikuwa silaha kuu ya mwanaastronomia Jill Tarter.

Bunge la Marekani lilipofuta mwaka 1993 fedha za utafutaji wa NASA wa ishara za viumbe wengine nje ya Dunia, Taasisi ya SETI iliufufua kwa michango binafsi, ikauita Project Phoenix. Kuanzia 1995 hadi 2004, Tarter na wenzake walisikiliza takriban nyota 800, kati ya megahezi 1,200 na 3,000, kwa chaneli zenye upana wa hezi 1. Upana huo mdogo ulichaguliwa makusudi: vyanzo vya asili hutawanya nguvu zao kwenye masafa mapana, ilhali mtambo unaweza kuzibana ndani ya hezi moja.

Tatizo ni kwamba mitambo yetu hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kila ishara ilipitishwa kwenye vipimo vitatu. Kwanza, je, masafa yanahama? Mtambo wa ardhini huzunguka pamoja na dishi, hivyo masafa yake hutulia. Pili, dishi likielekezwa kando ya nyota, je, ishara inapotea? Tatu, darubini ya pili iliyo mbali inaipata ikiwa na tofauti ileile ya masafa iliyokokotolewa?

Juni 1997, kwenye darubini ya Green Bank, Marekani, ishara moja ilifaulu vipimo viwili. Cha tatu hakikuwezekana, kwa sababu darubini ya pili, iliyokuwa Georgia, ilikuwa imeharibiwa na radi. Baada ya saa nyingi ikabainika kuwa ni SOHO, chombo kinachochunguza Jua kikiwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kwa umbali huo masafa yake yalihama, na kwa kuwa mawimbi yalipenyea pembeni mwa dishi, kuligeuza kidogo kuliyapoteza.

Kisa hiki kinathibitisha thamani ya kipimo cha tatu. Phoenix haikupata ishara ya viumbe wengine, lakini ilituachia utaratibu wa kuikataa ishara ya uongo hata pale mioyo yetu inapotamani iwe ya kweli. Siku ishara ya kweli itakapofika, tutaiamini kwa sababu ya utaratibu huo.