Kipya Kinyemi: Uhakiki wa Skrini ya Kugusa Kwenye Dashibodi ya Gari

Mjomba wangu huendesha gari la abiria kati ya Maliba na mji wa Kasese. Gari lake la kwanza lilikuwa kuukuu, lakini dashibodi yake aliijua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake usiku. Mwaka jana aliliuza akanunua jingine, lililotumika Japani, lenye skrini pana ya kugusa. Abiria walilisifu, nami nikiwa wa kwanza. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jioni moja mvua ilitukuta njiani. Ndani tulikuwa watu waliolowa, na kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi zetu. Katika gari la zamani, mjomba angezungusha kitufe kimoja bila kukitazama na hewa ingepuliza kioo. Safari hii ilimbidi atafute alama kwenye skrini iliyoandikwa Kijapani. Aligusa kwa kidole chenye maji, ikafunguka redio. Alipoinua macho, pikipiki isiyo na taa ilikuwa mbele yetu, hatua chache tu. Breki zilishika. Akaniambia, "Mpwa wangu, nishikie hiyo televisheni, mimi nitazame barabara."

Hoja yangu ni kwamba kosa la skrini hii halitokani na upya wake. Kosa ni kuwa imeyapa macho kazi iliyokuwa ya vidole. Kitufe kina umbo na mahali pake, na kikibonyezwa kidole huhisi. Skrini ni laini kote, na alama zake hubadilika kila ukurasa, hivyo jicho lazima litangulie. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiitazama skrini kwa sekunde tatu, amekwenda mita 50 bila kuona njia.

Wapo watakaosema kuwa dereva atazoea. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima jambo hili. Madereva walipewa kwanza muda wa kuyazoea magari, kisha wakafanya kazi ndogo nne, kama kurekebisha joto na redio, wakienda kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe, kazi zote zilikwisha kwa sekunde 10. Katika gari jipya lililoshika mkia zilichukua karibu sekunde 45, na gari likawa limepita zaidi ya kilomita 1.3. Mazoea husaidia, lakini hayamwoti dereva macho mengine vidoleni.

Wenye skrini hizi wenyewe wameanza kurudi nyuma. Baada ya manowari ya Marekani, USS John S. McCain, kugongana na meli ya mafuta karibu na Singapore mwaka 2017 na mabaharia 10 kufa, uchunguzi ulitaja, pamoja na sababu nyingine, mfumo wa skrini uliowachanganya waongozaji. Miaka miwili baadaye jeshi hilo la maji likaamua kurudisha vidhibiti vya kushika kwa mkono. Nako Ulaya, taratibu za Euro NCAP za mwaka 2026 zinazingatia kama indiketa, waipa, honi na taa za tahadhari zina vidhibiti halisi.

Sikatai kwamba skrini ina faida. Kamera ya nyuma huokoa watoto wanaocheza uani, na ramani humfaa mgeni. Lakini mambo hayo yanahitaji kutazamwa kwa asili yake. Kupuliza kioo au kuwasha waipa hakuhitaji. Uhakiki wa haki utenganishe mawili haya: cha kutazamwa kiwe kwenye skrini, cha kufanywa gari likienda kibaki kwenye kitufe.

Kwetu Uganda suala hili linakuja taratibu. Sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yaundwe. Nia yake ni njema, ila kila mwaka magari ya vitufe yanasukumwa nje ya mlango na ya skrini yanaingia, yakiwa yameundiwa barabara na lugha za wengine. Mnunuzi wa Kasese au Bwera huuliza bei, injini na mafuta. Aulize pia: kioo kikijaa ukungu, nabonyeza wapi?

Mjomba hana uwezo wa kuliuza gari, kwa kuwa bado analipa mkopo wake. Siku hizi huweka kitambaa juu ya dashibodi. Ukungu ukija, hupangusa kioo kwa mkono wa kushoto, macho yakiwa barabarani. Nikimtazama naona kwamba ameihakiki skrini ile kabla yangu.