Nuru, Hesabu na Amana: Mwanagenzi wa Kamera Katika Harusi za Kahama

Katika kazi zote za kamera hapana iliyo na sharti zito kama harusi, kwa kuwa tendo linalopigwa halirudiwi: pete ikishavikwa imevikwa, shela ikishafunuliwa imefunuliwa, wala hakuna padri wala kadhi atakayewataka maarusi waanze upya kwa ajili ya kamera iliyokosea. Mjini Kahama, ambako dhahabu ya Bulyanhulu tangu mwaka 2001 na ya Buzwagi kuanzia mwaka 2009 hadi 2021, pamoja na biashara ya mchele, zilivuta fedha na watu, kamati za harusi hazikosi shughuli, na vijana wengi wenye kamera ya kwanza mkononi huitwa na jamaa zao wapige picha kabla hawajaijua fani yenyewe. Nakusudia kuchambua mambo yanayowashinda wanagenzi hao, na kuonyesha ya kwamba mengi kati yake ni hesabu tu, tena hesabu ambayo kijana aweza kujifunza bila gharama kubwa.

Fundi wa studio za zamani, kama ile Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, alikuwa na faida kubwa: taa zilikuwa zake, pazia lilikuwa lake, na mteja aliketi pale alipoambiwa aketi. Harusi humnyang'anya mpiga picha mamlaka hayo yote kwa siku moja, ikampeleka kutoka jua kali la nje hadi ukumbi wa taa za rangi. Kwa hiyo, mwanagenzi asiyeweza kuipanga nuru hana budi kujua kuisoma.

Tuanze na jua. Kahama iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo jua la mchana hukaribia utosi mwaka mzima. Aidha, mji huu uko karibu nyuzi 32 na nusu mashariki, ilhali saa zetu hufuata nyuzi 45. Na kwa kuwa kila uzi mmoja ni sawa na dakika 4, jua letu hufika kileleni kiasi cha dakika 50 baada ya saa sita, yaani karibu na saa saba mchana, wakati ule ule ambao aghalabu maarusi hutoka kanisani. Nuru inayoshuka wima hutia kivuli katika matundu ya macho na chini ya pua, na hakuna kamera, hata iwe ya thamani gani, iwezayo kukiondoa kivuli hicho yenyewe. Mwenye maarifa huwasogeza maarusi kwenye baraza au chini ya mti wa kivuli kizito, akawaelekeza nyuso upande wa uwazi, na msaidizi akashika shuka jeupe usawa wa kiuno ili lirudishe nuru usoni. Kisha picha za mapumziko huziahirisha hadi saa kumi na moja na nusu jioni, jua linapolala na nuru yake kuwa laini.

Jambo la pili ni kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera. Nimeitazama kwa makini picha moja iliyopigwa na mwanagenzi wa hapa mjini, ya maarusi mlangoni pa kanisa: gauni la bibi harusi limejaza sehemu kubwa ya picha, nalo limetoka rangi ya majivu, na nyuso zote mbili zimezama gizani hata huwezi kusema kama bwana harusi anacheka au ana majonzi. Sababu yake ni dhahiri. Kipimo hicho hakijui gauni wala suti. Hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa ni kitu cha kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya nuru, ilhali kitambaa cheupe chaweza kurudisha zaidi ya asilimia 80, yaani mara nne na zaidi. Kamera hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na ngozi nyeusi ya maarusi ndiyo inayolipa deni hilo. Dawa yake ni kuongeza nuru hatua moja hadi moja na nusu, kila hatua ikiwa ni maradufu ya iliyotangulia, na kuangalia baada ya picha ya kwanza kama nakshi ya gauni bado inaonekana. Suti nyeusi ikijaza picha, mambo hugeuka: kamera huzidisha nuru na gauni likaungua, na nakshi iliyoungua hairudishwi na programu yoyote.

Usiku ukumbini huzuka taabu nyingine. Umeme wetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu humemeta mara 100 katika muda huo pasipo jicho kutambua. Mwanagenzi anayefungua shata kwa sehemu ya 500 ya sekunde hupata picha zenye mistari ya giza, ilhali sehemu ya 100 au ya 50 ingemtosha. Akitumia flashi, na akumbuke kwamba umbali ukizidi mara mbili nuru hubaki robo. Na akiielekeza darini ili iwe laini, kwanza aitazame dari yenyewe, kwani kumbi nyingi hupambwa kwa vitambaa, na kitambaa cha zambarau humrudishia bibi harusi uso wa zambarau.

Baada ya nuru huja ratiba na adabu. Mpiga picha mwema huketi na mshereheshaji na matroni kabla ya siku yenyewe, akajua keki itakatwa upande gani, wazazi watapita wapi na zawadi, na, katika ndoa ya Kiislamu, ni wapi wanawake wamekaa kwa stara ambapo haingii pasipo idhini. Mwisho ni amana: betri ya akiba, kadi mbili, na nakala ya picha zote usiku ule ule kabla ya kulala, kwa maana kadi iliyopotea ni harusi ya watu iliyopotea.

Basi vijana wenye kamera nawasihi waanze kama wasaidizi wa fundi aliyebobea, wakijizoeza na picha ambazo harusi haitazitegemea, mpaka hesabu hizi ziwe mazoea ya mkono. Nazo kamati za harusi zisikubali kuonyeshwa picha kumi zilizochaguliwa; zidai kuona picha za harusi moja nzima, tangu maandalizi ya asubuhi hadi zawadi za usiku, kisha ndipo zitoe malipo ya awali.