Kumpima Farasi kwa Kwato Zake: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayeanza kujifunza kupanda farasi huvutwa kwanza na vilivyo juu: ngozi inayong'aa, singa zilizochanwa, tandiko lililopakwa mafuta na hatamu mpya, ilhali vyote hivyo huweza kutayarishwa asubuhi moja kabla mgeni hajafika bandani. Ukwato hautayarishwi asubuhi moja. Ganda lake hukua kwa wastani wa milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, likishuka kutoka mahali nywele za mguu zinapokoma hadi chini linapogusa ardhi, na kwa sababu hiyo ganda la mbele huchukua takriban mwaka mzima kujifanya upya. Anayeutazama kwa makini anatazama matunzo ya mwaka mzima, naye Xenophon, Mgiriki wa Athens aliyeandika kuhusu upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alianzia miguuni alipoeleza jinsi ya kumkagua farasi anayetaka kununuliwa, akiifananisha miguu hiyo na msingi wa nyumba.

Ukaguzi wenyewe huanzia kando, farasi akiwa amesimama mahali pagumu na palipo sawa. Mstari unaoshuka mbele ya sehemu fupi iliyo kati ya kifundo na ukwato unapaswa kuendelea moja kwa moja juu ya ganda hadi chini bila kuvunjika, na mstari wa kisigino uelekee kukaribiana na huo kwa mwinamo. Mstari ukivunjika kwa nyuma, ncha ya mbele ikawa ndefu na kisigino kikalala chini, basi mguu huchelewa kunyanyuka katika kila hatua na kano za nyuma ya mguu huvutwa kupita kiasi. Hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi, nalo lina hatari ya pekee kwa kuwa huja polepole mno hata wanaomwona farasi kila siku wakaacha kuliona.

Kisha yatazamwe mapete, yaani mistari ya mlalo inayouzunguka ukwato. Mapete hafifu yanayokwenda sambamba hutokana na mabadiliko ya malisho au ya majira, wala hayana neno. Mapete yanayobanana mbele na kutanuka kisiginoni ni habari nyingine, maana mara nyingi huwa alama ya ugonjwa wa kuvimba kwa tabaka laini zinazoushikilia mfupa wa ndani kwenye ganda, ugonjwa ambao huweza kuletwa na nafaka nyingi au majani mabichi yenye sukari nyingi. Mkaguzi anaweza hata kukadiria wakati: pete iliyoshuka sentimita 3 kutoka kwenye nywele ilianza kiasi cha miezi mitatu hadi mitano iliyopita, na hapo ni haki kumuuliza mwenye banda kilichobadilika katika malisho ya wakati ule.

Kuunyanyua mguu ni kazi ya mkono mtulivu: mtu husimama karibu na bega, akielekeza uso mkiani, huteremsha kiganja chake mguuni hadi kifundoni, na farasi aliyezoeshwa vyema huutoa mguu bila kushindana. Chini ya ukwato huonekana pembetatu yenye kuvutika kama mpira, ambayo huanzia kisiginoni na kuelekea mbele, nayo inapaswa kuwa pana, kavu kiasi, isiyo na ufa mrefu katikati. Uoza mweusi wenye harufu kali katika mifereji ya kandokando yake huletwa hasa na vijidudu vinavyostawi kwenye matandiko yaliyolowa mkojo na samadi. Anayeunusa ameshahukumu usafi wa banda zima, hata kama sakafu imefagiwa vizuri siku hiyo. Uchafu huchokolewa kila siku kwa kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda, kutoka kisiginoni kuelekea mbele, ili ncha isiingie kwenye sehemu laini.

Palipo na kiatu cha chuma, kazi ya fundi wa kwato husomwa pembeni mwake. Fundi stadi hukikunja kiatu kifuate ukwato. Asiye stadi hupiga tupa ganda la mbele mpaka ukwato ufuate kiatu, na jeraha hilo hujulikana kwa ganda lililokwanguliwa likabaki jembamba na bapa. Misumari hupitia nje ya mstari mwembamba wenye rangi ya manjano unaounganisha ganda na wayo, kwa kuwa ndani yake pana nyama hai, na ncha zake hutokeza kwa urefu unaolingana, zikakunjwa na kulazwa bila kukwaruza. Kiatu kinapaswa kufika mwisho wa kisigino ili kikitegemeze. Kazi hii hurudiwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi hata kama chuma bado kizima, kwa maana ukwato umekua chini ya kiatu kisichokua.

Msomaji wa mwambao aliyezoea kwato za punda hana budi kutahadhari asivitumie vipimo vyake kwa farasi, wala vya farasi kwa punda, kwani ukwato wa punda kwa maumbile husimama wima zaidi na huwa mwembamba zaidi.

Mwishoni farasi atembezwe polepole juu ya ardhi ngumu, mkaguzi akisikiliza mapigo manne yenye nafasi sawa na kutazama kama mguu unatua bapa au kwa kisigino. Anayetua kwa ncha ya mbele mara nyingi anakwepa maumivu ya sehemu ya nyuma ya ukwato. Na kama fundi yupo, kiombwe kiatu cha zamani alichokivua. Chuma kilicholika upande mmoja tu huonyesha kwamba mguu ulikuwa ukitua upande huo kwa wiki nyingi, na fundi anayekihifadhi kiatu hicho ili akipime na kipya ndiye wa kukabidhiwa farasi.