Namba ya siri inayosomwa hadharani

Asiyeona akitaka kutuma faranga kwa simu katika soko la Ruvumera, Buyenzi, jijini Bujumbura, hubonyeza nyota, tarakimu chache na alama ya reli, kama jirani yake. Akiwa na simu ya Android, kisomaji cha skrini cha TalkBack humsomea menyu inayojitokeza. Shida huanzia hapo.

Menyu hiyo, iitwayo ya USSD, ilibuniwa itazamwe. Ujumbe mmoja hubeba herufi zisizozidi 182, na mtandao hukata mawasiliano mteja akichelewa kujibu. Anayeona hutupa jicho mara moja akaliona chaguo la sita. Anayesikiliza husubiri matano yaliyotangulia, na huenda muda ukamwishia. Hili linarekebishika kwa gharama ndogo: machaguo yapunguzwe, kutuma pesa kuwekwe mwanzo, muda wa kujibu urefushwe.

Namba ya siri ni balaa zaidi. Ndani ya programu, kisanduku kikitambulishwa kuwa cha siri, kisomaji huzificha tarakimu. Kisanduku cha USSD kwa kawaida ni cha maandishi tu, hivyo zinaweza kutamkwa waziwazi, umati ukisikiliza. Kumwambia mteja avae visikizio ni kumtwisha mzigo wa mbunifu.

Halafu kuna lugha. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka 2023, unataka kila ukurasa utaje lugha yake: rn kwa Kirundi, sw kwa Kiswahili, fr kwa Kifaransa. USSD haikipi kisomaji alama hiyo. Simu iliyowekwa Kifaransa, nazo ni nyingi Bujumbura, husoma “kurungika amafaranga” kwa sauti ya Kifaransa: “un” inapitia puani, “u” inabanwa midomoni, na Mrundi haelewi anaambiwa nini.

Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na kifungu cha 9 kinagusa huduma za mawasiliano. Kenya ilikwenda mbele 2022 kwa kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa huduma za kidijitali, KS 2952, kilichosukumwa na shirika la inABLE pamoja na Shirika la Viwango.

Kwa Bujumbura ningeanza na laini ya sauti iliyorekodiwa na watu, kwa Kirundi na Kiswahili. Inafanya kazi hata kwenye simu ya vitufe; huko haihitaji kisomaji, na namba ya siri huingizwa kwa kubonyeza, bila mashine kuitamka.