Swali Linalotuliza Uwanja

Majuzi, kwenye mkutano wa hadhara, mheshimiwa mmoja alishangiliwa kwa "kushirikisha wananchi". Alichofanya ni kukata maneno katikati: "Umoja ni ngu...?" Uwanja ukamalizia: "Vuuu!" Mzee aliyekaa karibu nami akasema huyu ndiye mzungumzaji. Hapana! Huko ni kuimbisha watu. Anayemaliziwa neno mdomoni hajafikiri chochote. "Mpo?" "Si ndiyo?" "Tumeelewana?" zote ni za mkumbo huo.

Swali la kiongozi hodari ni fupi. Likizidi maneno kumi limeharibika. Halianzi na "je". Huja kabla ya takwimu, kamwe si baada yake.

Lakini sikio changa daima hukosa kimya kinachofuata swali. Swali likishatoka, mtazame muulizaji. Mbabaishaji anakohoa, anapekua karatasi, analirudia kwa maneno mengine, mwishowe analijibu mwenyewe. Fundi ananyamaza, macho yako kwa watu. Ananyamaza hadi pale ambapo mtu mwingine angeona haya. Ndipo minong'ono inapoanza kule nyuma, huyu anamgeukia yule, wanabishana. Kipimo ni minong'ono hiyo, wala si makofi. Fundi anangoja ianze kushuka, ndipo anaendelea. Akiwahi, amewakatiza watu wakiwa bado wanawaza. Akichelewa, wahuni wanaanza utani.

Mwalimu Nyerere aliijua kazi hii, naye alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi Tabora na Pugu kabla ya siasa. Mwaka 1995, miaka 10 baada ya kung'atuka urais, aliwageukia waliokuwa wakimwaga fedha kutafuta Ikulu. Aliuliza fedha hizo wamezipata wapi, na kama wamekopa, watazilipaje. Swali lenyewe halikutaja jina la mtu. Kila msikilizaji alibaki na majina yake kichwani, akiyapima mwenyewe, na hakuna hotuba ya kulaani ambayo ingefanya kazi hiyo.

Wapo na matapeli. Katika kata moja nilimsikia kiongozi aliyewapanga wapambe wa kumjibu. Aliuliza, na papo hapo kijana akasimama na jibu lililonyooka kama risala. Swali la kweli hujibiwa kwanza vibaya, kwa kusitasita, na fundi hulipokea jibu bovu akauliza: kwa nini?

Sisi tuliokua na vitendawili tulizoezwa mapema kungoja jibu. Bibi akisema "Kitendawili!" tukaitika "Tega!", tukishindwa tulimpa mji, naye alikwenda huko akala, akanywa, akastarehe, sisi tukiungulika, ndipo akafumbua. Siku hizi nasikia washauri wa viongozi wakiagiza kimya kisizidi sekunde mbili, eti watu watachoka. Sekunde mbili hazitoshi hata kumgeukia jirani.