Buibui, jina la ukoo na upatanisho wa kisarufi

Wanasayansi hawana msimamo, huniambia baadhi ya walimu. Yule buibui mkubwa wa utando wa rangi ya dhahabu ambaye tulifunzwa kumwita Nephila, vitabu vya sasa vinamwita Trichonephila. Kesho je? Lalamiko hili aghalabu hufuatwa na pendekezo kwamba Kiswahili kisijisumbue kuunda istilahi za viumbe mpaka wataalamu waelewane kwanza. Naona pendekezo hilo ni la hatari kuliko lalamiko lenyewe, maana tukilifuata tutangoja milele.

Hebu tuanze na lalamiko. Jina la kisayansi la mnyama lina sehemu mbili. Ya pili hutaja spishi. Ya kwanza hutaja jenasi, na hiyo ni sawa na jina la ukoo: ni dai kuhusu nasaba. Ushahidi ukionyesha kwamba nasaba ilikosewa, dai hurekebishwa na jina hufuata. Nephila lilitolewa na Leach mwaka 1815. Mwaka 2019 Matjaž Kuntner na wenzake walichunguza jeni, wakakuta kwamba waliokuwa wakiishi chini ya jina hilo ni matawi mawili. Tawi la Nephila pilipes, spishi ambayo jina limefungwa kwake, lilibaki na jina la zamani. Wengi wa waliosalia walipewa Trichonephila, jina ambalo Dahl alilibuni mwaka 1911. Kwa hivyo hilo jina linaloitwa jipya limezidi umri wa karne moja! Familia nayo imezozaniwa zaidi. Kundi hili lilikaa Tetragnathidae, likapewa familia yake lenyewe, Nephilidae, mwaka 2006, likarudishwa Araneidae mwaka 2017, kisha Kuntner na wenzake wakalitoa tena. Muda huo wote buibui mwenyewe alikuwa palepale katikati ya utando wake, kichwa chini, akingoja nzi.

Mwanafunzi wa lugha atavutiwa zaidi na jambo jingine, ambalo walimu wa Biolojia hulipita mbio. Majina haya yana sarufi. Jina la pili likiwa kivumishi cha Kilatini, hulazimika kupatana na jina la jenasi kijinsia, kama vile kivumishi chetu kinavyopatana na ngeli ya nomino. Mwaka 1757 Msweden Carl Clerck alimwita buibui mmoja wa Ulaya Araneus cornutus, yaani buibui mwenye pembe. Araneus ni la kiume. Baadaye baadhi ya wataalamu walimhamishia Nuctenea, jenasi ya kike, naye akawa Nuctenea cornuta. Leo yuko Larinioides, ambalo ni la kiume, na amerudi kuwa cornutus. Mswahili hashangai. Ukitoka kwenye mtoto ukaenda kwenye kiti, mzuri atageuka kizuri bila ya uzuri wenyewe kupungua. Isitoshe, spishi ikihamishwa kutoka jenasi yake ya kwanza, jina la aliyeitambulisha hutiwa ndani ya mabano. Mabano hayo madogo humwambia msomaji kwamba kiumbe huyu aliwahi kuwa na jina jingine, akalitafute. Kamusi zetu ngapi zina uungwana huo?

(Clerck, kwa njia, ana upendeleo wa pekee. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Majina ya Clerck yalitangulia kwa mwaka mmoja, na kanuni za kimataifa zimeyafungulia mlango.)

Sasa tugeukie pendekezo la kungoja. Kwa muda mrefu buibui wote wanaotanda utando wa duara walikusanywa katika kundi moja, Orbiculariae, ingawa walikuwa wa aina mbili. Baadhi, kama Araneidae, hunasa windo kwa matone ya gundi. Wengine, kama Uloboridae ambao hawana tezi za sumu kabisa, hutumia nyuzi laini za manyoya zinazonasa bila gundi. Mwaka 2014 tafiti mbili za jeni zilionyesha kwamba hawa wa manyoya wako karibu zaidi na buibui warukao, ambao hawatandi utando wa kunasia, kuliko wenzao wa gundi. Ukoo ukavunjika. Bado wataalamu wanabishana kama utando wa duara ulizuka mara mbili, au ulikuwepo zamani ukapotezwa na wengi.

Lakini utando wa duara haukuvunjika. Mtu akisema "buibui wa utando wa duara", anasema kweli leo kama alivyosema kabla ya 2014, kwa sababu anaeleza kazi anayoiona na wala hadai undugu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka kila familia ya Kilatini iundiwe neno la Kiswahili. Jenasi na familia zibaki na majina yake ya Kilatini, yapandishwe na kushushwa huko huko. Kazi yetu ni kuwapa wasomaji majina ya kueleza, na tusiyapate kwa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno. Anayeandika "mfumaji wa tufe" amekosea mara mbili: utando huu ni bapa, si tufe, na buibui kwa Kiswahili hafumi. Hutanda, ndiyo maana tuna utando na tandabui.

Pana kasoro nyingine ya nyumbani. Katika masimulizi, kumwita buibui mdudu hakuna ubaya wowote, lakini kitabu cha sayansi kikifanya hivyo humfundisha mtoto kwamba miguu minane ni sawa na sita. Kamusi nayo ingefaa kuonyesha ngeli waziwazi, kwa kuwa buibui huyu anayetanda na buibui hili linalovaliwa na akina mama wa Pwani ni maneno mawili ya upatanisho tofauti, A-WA na LI-YA. Chini ya lile la kwanza ningeongeza mstari mmoja tu: buibui wa utando wa dhahabu, Trichonephila, zamani Nephila.